UFA UMEUZIBA, LAKINI UMEUZIBA NA NINI?

Wiki hii safu yetu imepanda milima hadi Kasulu na Kibondo, kule ambako mvua ikianza mwezi wa kumi au wa kumi na moja haiagi mpaka wa nne au wa tano. Vijana wa huko wanajenga si mchezo: matofali ya kuchoma, bati juu, madirisha ya alumini, marumaru chini. Mjengo bomba! Kasheshe ni pale mvua ya kwanza inapopiga hodi na mwenye nyumba anaanza kuhamisha godoro na kutafuta beseni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli tupu, ila hawakutuambia tuuzibe na nini, na hapo ndipo wengi wanapoliwa. Mtu anaingia dukani: "Nipe silikoni." Anapewa yoyote iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Baada ya miezi michache imebanduka kama gamba na mshiko umekwenda na maji.

Hebu tuwekane sawa. Kila dawa ya kuziba ina kazi yake.

SILIKONI inavutika kama raba, haiogopi maji wala jua. Mahali pake ni vioo, fremu za alumini, sinki na bafuni. Lakini ziko aina mbili. Ile inayonuka kama siki ina tindikali: kwenye kioo haina neno, kwenye bati inaleta kutu, na kwenye saruji haishiki vizuri. Kwa bati na plasta tafuta tyubu iliyoandikwa "neutral". Tena rangi ya ukuta haishiki juu ya silikoni, kwa hiyo chagua rangi ya silikoni yenyewe mapema.

AKRILIKI unaisafisha mikononi kwa maji na inakubali rangi. Ni ya ndani: pembeni mwa fremu za milango, kwenye dari, na nyufa nyembamba za plasta. Ukiipeleka nje ikanyeshewa kabla ya kukauka, yote inaoshwa.

POLIURETHANI ndiyo ya ufa wa ukuta wa nje unaocheza. Inashika saruji, matofali na mbao, na inapakwa rangi. Lakini kabla ya kununua, piga mstari wa penseli kwenye ncha za ufa na uandike tarehe. Ukiona ufa unazidi kuvuka mstari, hiyo siyo kazi ya tyubu, huenda msingi umetitia. Mwite fundi wa kweli, siyo fundi maiko!

Na paa je? Angalia msumari kwanza. Upigwe kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni, na uwe na washa ya raba. Lami ya kuyeyusha inaziba leo, lakini jua likiipiga sana inapasuka. Turubai nalo, ambalo watu wa huko wamelizoea tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, ni la kujistiri tu. Jua linalila.

Sasa hesabu, usije ukanunua kwa kubahatisha. Tyubu ya mililita 300, ukipaka mstari wa milimita 6 kwa 6, inakwenda kama mita 8. Dirisha la futi 4 kwa 5 lina mzunguko wa mita 5 na nusu. Madirisha 6, upande mmoja, ni mita 33. Tyubu 4 zitakuacha ukihangaika, chukua 5. Usisahau na bunduki yake ya kukamulia.

Ukiwa dukani usinunue mbuzi kwenye gunia. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Minya tyubu: ikiwa ngumu, irudishe. Iliyokaa juani dirishani mwa duka kwa miezi, achana nayo hata kama umepunguziwa bei. Imesafiri mbali kwenye lori kufika Kasulu, halafu ikaanikwa tena? Hapana bwana!

La mwisho, na ndilo linaloharibu hata dawa nzuri: vumbi. Ukuta ukiwa na vumbi jekundu au unyevu, silikoni inashika vumbi, haishiki ukuta. Piga brashi, futa, acha pakauke. Kwa hiyo kazi hii ni ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Anayekimbilia dukani Novemba maji yakiwa yanachuruzika sebuleni, keshachelewa. Hapo ataweka beseni tu, na dawa angoje kiangazi kingine.

Haya, kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo!