Donald Kaberuka na mtaji wa kuaminiwa

Tukisikia kwamba Benki ya Maendeleo ya Afrika imeidhinisha mkopo wa barabara au umeme, wengi tunawaza ghala la fedha lililoko Abidjan, na rais wa benki akishika ufunguo. Ghala hilo halipo. Sehemu kubwa ya fedha ambazo benki hiyo hukopesha serikali, nayo imezikopa katika masoko ya dunia. Kazi kubwa ya mchumi anayeiongoza ni kuifanya iaminiwe, ili ikope kwa riba ndogo kuliko ile ambayo nchi zetu zingetozwa zikienda sokoni zenyewe. Anayetaka kuielewa kazi hiyo atafunzwa mengi na safari ya Donald Kaberuka, Mnyarwanda aliyeiongoza benki hiyo kuanzia Septemba 2005 hadi Agosti 2015.

Kaberuka alizaliwa mwaka 1951 Byumba, kaskazini mwa Rwanda. Alisoma uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaendelea East Anglia nchini Uingereza, kisha akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Glasgow. Alifanya kazi katika mabenki na biashara ya kimataifa, akawa pia mchumi mkuu wa shirika la nchi za Afrika zinazolima kahawa. Hiyo ni shule ya pekee: anayefuatilia kahawa kila siku huona jinsi bei inayopangwa mbali inavyoweza kutoboa bajeti ya nchi nzima.

Oktoba 1997 akawa waziri wa fedha wa Rwanda, miaka mitatu baada ya mauaji ya kimbari. Hazina ilikuwa hoi, madeni ya utawala uliopita yalidaiwa vilevile, na ukusanyaji wa kodi ulihitaji kujengwa upya. Mamlaka ya Mapato ya Rwanda iliundwa kwa sheria mwaka huohuo. Rwanda iliingia katika mpango wa kusamehewa madeni wa nchi maskini mwishoni mwa 2000, ikatimiza masharti yake Aprili 2005. Kwa hiyo, kabla hajawa mkopeshaji, Kaberuka alikuwa ametumia takriban miaka minane akiketi upande wa pili wa meza, akiomba, akitoa hesabu na kujibu maswali.

Benki aliyokuja kuiongoza ilikuwa na kovu lake. Ilianzishwa kwa mkataba uliosainiwa Khartoum mwaka 1963, na hadi 1982 wanachama wake walikuwa nchi za Afrika peke yake. Mwaka 1995 ilipoteza alama ya juu kabisa ya ukopaji, AAA, na mtangulizi wa Kaberuka, Omar Kabbaj wa Morocco, alitumia miaka kuirudisha. Uchaguzi nao haukuwa rahisi. Mgombea hupaswa kupata zaidi ya nusu ya kura zote, na tena zaidi ya nusu ya kura za Afrika. Asiyekubalika na pande zote mbili hapiti. Mei 2005 magavana wanaowakilisha nchi wanachama walikwama Abuja, na Kaberuka akashinda Julai walipokutana tena Tunis.

Fedha zenyewe hupatikana hivi. Kila nchi mwanachama hununua hisa, lakini haizilipii zote. Katika ongezeko la mtaji lililokubaliwa Mei 2010, wakati mtaji wa benki ulipopandishwa mara tatu kutoka takriban dola bilioni 33 hadi karibu bilioni 100, wanachama walitakiwa kulipa asilimia 6 tu. Asilimia 94 zilibaki kuwa ahadi: zitaitishwa siku benki ikishindwa kulipa wadai wake. Ni kama muuza duka anayechukua bidhaa kwa mali kauli. Mwenye ghala humpa mzigo kwa sababu anajua waliosimama nyuma yake. Kwa nguvu ya ahadi hizo benki huuza hatifungani, wawekezaji hununua, na fedha hizo ndizo hukopeshwa.

Ongezeko hilo halikuja kwa hotuba. Mwishoni mwa 2008 msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani ulikausha soko la almasi, na Botswana, nchi inayotegemea almasi na iliyosifika kwa kutunza fedha zake, ikajikuta na pengo kubwa katika bajeti. Juni 2009 benki iliidhinisha dola bilioni 1.5 kuisaidia, mkopo ambao haukuwa na mfano katika historia yake hadi wakati huo. Mikopo ya namna hiyo ilimaliza haraka nafasi ya kukopesha, na ikawaonesha wanachama kwa nini benki ilihitaji mtaji mpya.

Uamuzi mwingine ulikuja Mei 2014. Kwa karibu miaka 20, nchi maskini zaidi zilikuwa zimefungiwa dirisha la mikopo ya kawaida, zikabaki na ruzuku na mikopo nafuu ya mfuko maalumu wa benki, ambayo kiasi chake ni kidogo. Sasa zenye madeni yanayobebeka ziliruhusiwa kukopa dirisha kubwa pia. Aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa nchi ndogo anajua kero ya kunyimwa mkopo wa bwawa huku soko la hatifungani likikukaribisha kwa riba kali. Lakini mlango ukifunguliwa, deni nalo huingia kwa urahisi zaidi, na mzigo wa kuchagua miradi yenye faida hubaki kwa serikali inayokopa.

Kuaminiwa kunaweza pia kutumika bila kutoa mkopo. Katika mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya, wenye uwezo wa megawati 310, Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2012. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilibaki ikiongoza wakopeshaji, na mfuko wake ukatoa dhamana ya yuro milioni 20 endapo njia ya kusafirisha umeme ingechelewa. Ikachelewa kweli: mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, umeme ukaanza kwenda kituo cha umeme cha Suswa mwaka 2018, na Wakenya wakabeba fidia ya mabilioni ya shilingi. Dhamana iliwatuliza wawekezaji, lakini gharama ya ucheleweshaji ilibaki kwa nchi.

Baada ya kuondoka, Kaberuka alipendekeza kwa Umoja wa Afrika ushuru wa asilimia 0.2 kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje ya bara ili umoja huo ujigharamie, na viongozi wakaukubali Kigali Julai 2016. Wazo ni lilelile la Rwanda ya 1997: anayekusanya chake huaminiwa kwa cha wengine. Mrithi wa pili wa Kaberuka katika benki, Sidi Ould Tah, aliyeanza kazi Septemba 2025, naye alikuwa waziri wa uchumi Mauritania kabla ya kuongoza benki ya maendeleo ya Kiarabu kwa Afrika.

Basi benki inapotangaza mkopo mpya, ukubwa wa tarakimu usitutoshe. Tuulize umetoka dirisha gani, unalipwa kwa mapato gani, na mradi ukichelewa ni nani atakayelipa. Waziri wetu wa fedha asipoweza kujibu hayo, alama nzuri ya benki haitatusaidia kitu.