Si uzee, ni mpini: kwa nini viuno vyetu huuma baada ya palizi

Kila mvua za mwaka zikipungua na palizi kuanza, nyumbani kwetu Kilifi hakukosekani chupa ya mafuta ya kuchua. Marehemu mama alilima tangu usichana wake, na alipofika miaka hamsini alikuwa hawezi tena kusimama wima. Sote tulisema ni uzee. Leo nikilitazama jembe lake, ambalo mpini wake haunifiki gotini, naona tuliusingizia uzee.

Mtu akiinama, misuli ya kiuno ndiyo inayozuia kiwiliwili chote kisianguke mbele. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini vinavyozuia mifupa isisagane. Ukiinama asubuhi nzima, visahani hivyo hubanwa na misuli haipati nafasi ya kulegea. Siku moja haina neno. Balaa ni msimu juu ya msimu.

Huko California, Marekani, jembe la mpini mfupi lilipigwa marufuku mashambani mwaka 1975 kwa kuwa lilikuwa likiharibu migongo ya vibarua. Sisi hatuhitaji kusubiri amri. Tia mpini unaokufika kifuani, palia katikati ya mistari ukiwa umesimama, na ukikaribia shina la mhindi piga goti moja badala ya kuinama. Kila baada ya nusu saa hivi, simama, jinyooshe, au badilisha kazi.

Adui wa pili ni gunia. Gunia la mahindi la kilo 90 si mzigo wa mtu mmoja. Shirika la Kazi Duniani lilishauri tangu mwaka 1967 kwamba mzigo wa mwanamume mmoja usizidi kilo 55, na wa mwanamke uwe mdogo zaidi. Gawanya mahindi katika magunia mawili, au tumia wilbaro. Unapoinua kitu chochote, hata mtungi wa maji wa lita 20, kunja magoti, usogeze mzigo karibu na tumbo, kisha inuka kwa nguvu za miguu. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno.

Kwa vibarua wenzangu: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Kuomba mtu wa kusaidiana naye si uvivu.

Tena tuache mazoea ya kumeza vidonge vya maumivu kila jioni ili kesho turudi shambani. Vikizidi huumiza tumbo na figo, na maumivu uliyoyanyamazisha yangali palepale. Ukihisi ganzi miguuni, mguu ukilegea, au ukashindwa kuzuia mkojo, usingoje mafuta ya kuchua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nilipombadilishia shangazi mpini, alicheka akaniambia hilo ni jembe la wavivu. Msimu uliofuata aliniagiza nimletee mwingine, wa binti yake. Mpini ni kipande cha mti tu. Mama hakuupata kwa sababu hakuna aliyetueleza. Wewe sasa umeelezwa.