Kizunguzungu Baada ya Kula: Tahadhari kwa Wapandao Mikarafuu

Wanachama wenzangu,

Msimu uliopita mchumaji mmoja alipanda mkarafuu saa nne asubuhi, hali amekwisha kula saa moja bofulo na chai yenye sukari nyingi. Hakukaa sana juu akaanza kutetemeka, kijasho chembamba kikamtoka na macho yakaingia kiza. Alhamdulillahi, aliwahi kushuka. Wenzake wakasema, amekula huyu, basi ama ni shetani ama ni uvivu. Yafaa tujue kuwa liko jambo la tatu, nalo ni kushuka kwa sukari ya damu.

Mtu akila wanga mtupu na vitu vitamu, sukari hupanda haraka. Kongosho nalo humwaga insulini ili kuishusha, na kwa baadhi ya watu insulini hiyo huzidi kiasi. Basi muda wa saa mbili hata nne baada ya kula, sukari huanguka, na mtu huona njaa kali na moyo kwenda mbio.

Dalili zikianza, kwanza shuka mtini, karafuu hazikimbii. Kisha koroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, unywe. Ngoja dakika 15. Usipopata nafuu, rudia. Ukishapata nafuu, kula chakula hasa, kama muhogo kwa samaki, kwani sukari peke yake hupanda na kushuka tena. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani: alazwe ubavu, apelekwe hospitali upesi.

Kinga yake ni kupunguza sukari katika chai, kuongeza samaki, mayai, kunde au mbaazi, na kula kidogo kidogo mara nyingi kuliko kujaza tumbo mara moja.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari ana hatari zaidi, wala asibadili dawa bila ya shauri la daktari. Na ambaye hali hii humrudia, asiipuuze, bali akapimwe damu, kwani pengine ni kisukari kinachoanza.

Mwisho, kila mwenye shamba na aweke kopo la sukari na maji safi chini ya mikarafuu. Gharama yake haifiki pishi moja ya karafuu, na mtu akianguka hana bei.

Wasalaam,
Katibu wa Chama