KOMPYUTA KUUKUU INAWEZA KUFANYA KAZI TENA



Baadhi yenu mkienda Jinja au Mbale mnarudi na kompyuta zilizokwisha tumika. Bei yake ni nafuu, lakini zikifika hapa zinachelewa kuwaka, zimejaa virusi, au zinadai mlipie Windows. Msizitupe. Mnaweza kuondoa Windows na kuweka Linux, ambayo ni ya bure.

LINUX NI NINI?

Kila kompyuta ina mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayoongoza programu nyingine zote. Windows ni mmoja, Linux ni mwingine. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland. Sheria yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Kwa uhuru wa namna hiyo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, waliweza kutoa programu ya kuandikia kwa Kiswahili mwaka 2004, iliyoitwa Jambo OpenOffice.

KABLA YA KUANZA

Kuweka Linux kwa kawaida hufuta kila kitu kilichomo. Nakilini kwanza barua, vyeti na picha kwenye flashi.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Mama mmoja aliniletea kompyuta ya marehemu mumewe. Nilimwuliza kama ina barua za kazi, akasema hapana. Sikuuliza juu ya picha. Nilipomaliza, aliniomba nimwoneshe picha za mumewe. Zilikuwa zimekwisha futika, na flashi ya akiba haikuwapo. Tangu siku hiyo siweki kitu mpaka mwenye mali amekaa karibu nami na tumefungua kila folda pamoja.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chagueni Linux inayolingana na mashine. Kwa kompyuta ya biti 64 yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 2 au zaidi, Lubuntu inafaa. Kwa ile ya zamani sana ya biti 32, tumieni Debian 12, kwa sababu Debian 13 ya mwaka 2025 haisakinishwi tena kwenye mashine hizo.

2. Pakueni faili mahali penye intaneti nzuri. Ni kubwa, basi mtu mmoja apakue kwa niaba ya wengi.

3. Iandikeni kwenye flashi ya GB 4 au zaidi kwa kutumia programu kama Rufus. Kunakili faili tu hakutoshi. Flashi hiyo nayo itafutwa, basi isiwe ile yenye akiba yenu.

4. Chomekeni flashi, washeni kompyuta, na hapo hapo bonyezeni F12, F9, F2 au Esc, kutegemea aina ya mashine. Chagueni iwake kwa flashi.

5. Kwa Lubuntu, jaribuni kwanza bila kusakinisha. Angalieni kama skrini, kibodi, sauti na intaneti vinafanya kazi.

6. Mkiridhika, anzeni kusakinisha. Mkiona maneno "Erase disk", maana yake ni kufuta diski yote. Someni mara mbili kabla ya kukubali.

7. Andikeni neno la siri kwenye daftari. Bila hilo hamtaweza kuongeza programu.

UMEME

Umeme ukikatika katikati ya kazi, itabidi kuanza upya, na mashine huenda isiwake kabisa mpaka hapo. Laptopu ijazwe chaji kwanza. Kompyuta ya mezani isubiri wakati umeme umetulia.

FAIDA NA MIPAKA

Mtapata LibreOffice ya kuandikia barua na kupiga hesabu, na virusi vya Windows havitawasumbua kama zamani. Lakini programu nyingi za Windows hazitakubali, na Linux haitengenezi diski iliyoharibika.

Mwenye kompyuta aje nayo kituo cha jamii, pamoja na chaja na flashi mbili. Huduma hii hailipiwi. Mwenye mali aje mwenyewe, asitume mtoto.