Swichi ya pikipiki ikisumbua, usikubali kupigiwa "dairekti"

Leo siongelei picha za bidhaa wala yule mteja wa "bei ya mwisho ngapi?". Naongea na wale tunaojipelekea mizigo wenyewe kwa pikipiki ya zamani, ile uliyonunua kwa mtu ili usiwe unalipa bodaboda kila oda. Kama ni wewe, kaangalie pale unapochomeka ufunguo. Mimi pameniingiza hasara.

Nauza vyombo vya jikoni, naishi Buguruni, mzigo nachukua Kariakoo. Pikipiki yangu ni ya Kichina, 125, injini ya mtindo wa Honda CG125, mtindo wa tangu miaka ya 1970 na bado umejaa barabarani kwetu. Dalili zilianza kidogo kidogo. Nikipita kwenye shimo, taa ya nyutro inapepesa. Nikikata kona kali ya uchochoroni, injini inakohoa. Ikafika mahali ufunguo unachomoka huku pikipiki inaunguruma. Nikawa nacheka tu, nawaambia watu pikipiki yangu haitaki ufunguo.

Jumamosi moja mvua ikanikuta Barabara ya Mandela, karibu na Tabata, nina oda sita kwenye sanduku. Ikazima katikati ya magari, nyuma yangu lori. Nikaisukuma pembeni mpaka kwa fundi aliyekuwa chini ya mwavuli. Akafungua taa ya mbele, akavuta nyaya za swichi, moja akaikata, mbili akaziunganisha, akazungushia tepu. Dakika kumi. "Nimekupigia dairekti kaka, haikusumbui tena." Nikampa elfu tatu na asante juu.

Kweli haikusumbua. Ila ufunguo haukuwa na kazi tena. Kuzima ilibidi niingize gia, nikanyage breki, niachie klachi. Taa ya nyutro ikawa inawaka usiku kucha mpaka betri ikalala. Nikazoea. Wiki mbili baadaye nikapanda ghorofa ya tatu Sinza kumpelekea dada mmoja blenda. Akataka kuijaribu kwanza, haki yake. Nikiwa nasubiri nikasikia chini mtu anapiga kiki, nikajua kabisa ule ni mlio wa pikipiki yangu.

Kilichoniokoa ni mazoea ya kufunga koki ya mafuta kila ninaposhuka. Kijana aliondoka na mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, ikamzimikia kama mita mia tatu mbele, akaiacha. Sanduku alikuwa ameshalifungua. Masufuria ya oda mbili yameondoka, jumla 86,000. Na wote tunajua, kwa mteja wa kulipa akipokea, mzigo ukipotea njiani ni wako. Wale wateja wawili ilibidi niwanunulie tena kwa hela yangu.

Sasa basi, nikamwendea fundi mwingine, mzee mmoja wa gereji ya mtaani kwetu, akanieleza kitu ambacho sikukijua miaka yote ya kuendesha. Sisi tunadhani swichi ya pikipiki ni kama ya taa ya nyumbani, ukizima umekata umeme. Kwenye pikipiki nyingi za mtindo huu sivyo. Ndani ya swichi kuna kazi mbili. Ya kwanza ni ya betri: ukiweka ON, waya mwekundu unaotoka betri unashikana na waya mweusi unaopeleka umeme kwenye honi, indiketa na taa ya breki. Hiyo ndiyo tuliyoizoea. Ya pili ni ya moto wa plagi, na inafanya kazi kinyume. Kuna waya mweusi wenye mstari mweupe unaotoka kwenye CDI. Ukiweka OFF, swichi inaushikanisha na waya wa kijani, ambao ni bodi. Moto unaishia kwenye bodi badala ya kwenda kwenye plagi, injini inazima. Ukiweka ON, swichi inaachia.

Yaani CDI hizi hazitegemei betri, zinapata umeme wake kutoka kwenye koili ya injini yenyewe. Kwa hiyo waya ule wa mstari mweupe ukikatwa, injini haizimi. Inakuwa ON siku zote. Yule fundi wa Tabata hakutengeneza swichi, aliondoa kitu pekee kilichokuwa kinamzuia mtu kuondoka na pikipiki yangu kwa kupiga kiki tu. Na ndiyo maana swichi iliyochoka au iliyoingia maji inazimisha injini ghafla: vyuma vya ndani vinagusana visipotakiwa, moto unaenda kwenye bodi ukiwa barabarani.

Angalizo: si zote ziko hivi. Zipo ambazo CDI yake inakula umeme wa betri kupitia swichi, hizo ukikata umeme zinazima kama taa. Rangi za nyaya nazo zinatofautiana kwa kampuni na kampuni. Nilizotaja ni za mtindo wa Honda ambao Wachina wengi wameufuata. Kama yako ni ya Kihindi au imeshapita mikononi mwa mafundi watano, usiamini rangi, pima.

Kujua kama mbaya ni swichi au kitu kingine, anza na vya bei rahisi: fyuzi, kisha vichwa vya betri kama vimelegea au vina kutu. Vikiwa sawa, washa injini ikiwa nyutro, ushike ufunguo uutikise taratibu. Halafu geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Ikikohoa ukitikisa ufunguo, swichi imekwisha. Ikikohoa ukigeuza usukani, mara nyingi ni waya umeharibika pale shingoni mwa swichi, kwa sababu unapinda kila unapokata kona. Kama haiwaki kabisa, fuata nyaya za swichi mpaka kwenye soketi yake, mara nyingi iko ndani ya taa ya mbele, ichomoe, piga kiki. Ikiwaka, swichi ndiyo ilikuwa inapeleka moto kwenye bodi. Hapo jua kuizima utatumia gia. Ukiwa na kipimo cha umeme ni bora zaidi: kwenye ON mwekundu na mweusi ziwasiliane, kwenye OFF mweusi wa mstari mweupe na wa kijani ziwasiliane. Kimoja kikigoma au kikija na kuondoka, nenda kanunue.

Ukienda dukani nenda na swichi ya zamani mkononi, au picha ya soketi yake. Sio picha ya pikipiki. Nimeona swichi mbili zinafanana sura lakini moja soketi ina nyaya nne, nyingine sita, na ukinunua isiyolingana fundi ataanza kukata, tunarudi kule kule. Halafu uliza seti. Seti inakuja na swichi na mfuniko wa tangi, ufunguo mmoja. Mimi nilitaka kubana matumizi ninunue swichi peke yake, yule mzee akaniuliza, "Utatembea na funguo mbili mpaka lini?" Seti ilinigharimu 18,000, ufundi 5,000. Linganisha na 86,000 ya masufuria.

Kufunga si kazi kubwa. Chomoa kwanza waya hasi wa betri. Piga picha kwa simu kila hatua, sisi picha ndiyo kazi yetu. Swichi inashikwa na bolti mbili kwa chini, ila zipo zilizotengenezwa makusudi zisifunguke kwa spana, hizo mwachie fundi. Ukichomeka mpya, kabla ya kufunga chochote geuza usukani pande zote uone nyaya hazivutwi wala hazibanwi. Ilipokatwa kwenye dairekti parudishwe kwa kulehemu na kuvishwa mpira, sio kusokota na tepu. Jaribio la mwisho ndilo ambalo watu hawafanyi: iwashe, weka OFF, lazima izime. Kisha, ikiwa bado OFF, piga kiki mara tano. Ikiwaka, kazi haijaisha, usimlipe mtu.

Wengi mnaobeba sanduku au kikapu mbele mnatamani kuihamisha swichi, iende chini ya tangi au ubavuni karibu na siti, kwa sababu mkono haufiki vizuri. Hata mimi baada ya wizi nilitaka kuificha huko. Inawezekana, ila jua unapoteza nini. Kwenye nyingi, kufuli la usukani liko ndani ya swichi hiyo hiyo, ukiihamisha usukani haufungiki tena, utahitaji mnyororo. Nyaya zinarefushwa, na kila kiungo kipya ni mahali pa kuingia maji. Lazima ziwe na unene ule ule na zipite mbali na injini, joto linayeyusha mpira wake. Na fyuzi ibaki karibu na betri, upande wa betri, sio baada ya swichi. Kama huna fundi wa umeme unayemwamini, hamisha kikapu, sio swichi.

Mimi nimeiacha pale pale nikaongeza kitu kidogo, swichi ya kubonyeza ya elfu mbili, imefichwa. Upande mmoja umeungwa kwenye ule waya wa mstari mweupe, upande mwingine kwenye bodi. Nikiibonyeza, hata mtu akiwa na ufunguo wangu atapiga kiki mpaka jasho limtoke. Iko wapi sisemi.

Halafu tujiulize kwa nini swichi ilichoka. Yangu ilibeba ufunguo wa pikipiki, wa geti, wa stoo, kufuli mbili za Kariakoo na kile kijiti cha chuma cha mapambo. Rundo zima linaning'inia na kupiga piga kila shimo, miaka mitatu. Kingine ni chaja ya simu. Tunaihitaji, huwezi kumpigia mteja simu ikiwa imezima, ila yangu iliungwa kwenye waya mweusi wa swichi pamoja na taa mbili za ziada za mwanga mkali. Vile vyuma vya ndani ni vidogo, umeme ukizidi vinapata moto na kuungua. Chaja peke yake haina shida. Taa za ziada zipitishiwe rilei, swichi iwe inaamuru tu bila kubeba mzigo wote.

Siku hizi ufunguo wa pikipiki uko peke yake kwenye kamba ya kitambaa. Wa pili uko nyumbani kwa shemeji yangu Ilala, na namba iliyochongwa kwenye ufunguo nimeipiga picha nikaiweka pamoja na picha ya kadi ya pikipiki.