Kuzalisha Chatu-Mpira
Chatu huyu mdogo, Python regius, apatikanaye tangu Senegali hadi Uganda, hujiviringa kama mpira aogopapo. Huko Ulaya na Marekani hufugwa majumbani. Atakaye kumzalisha hana budi kungoja jike afikie gramu 1,500 hivi. Mayai, aghalabu 4 hadi 8, huangulika baada ya siku zipatazo 60 katika joto la sentigredi 31 au 32; yasigeuzwe, kwani kiinitete huweza kufa.

Kazi hasa ni kuchagua wazazi. Rangi iitwayo “buibui” hupendwa mno sokoni, lakini jeni yake, hata ikiwa moja tu, humtikisa nyoka kichwa na kumkosesha mizani. Akipandishwa na chatu wa kawaida, kwa wastani nusu ya watoto hurithi rangi pamoja na kilema.