MAMA WAWILI, CHETI KIMOJA

Mwambie mtu wa Kariakoo kwamba kuna watoto wana mama wawili na baba hakuna. Atakuuliza papo hapo: sasa mimba iliingiaje? Swali zuri. Wiki hii nalijibu, ucheke au unune shauri yako, msomaji wangu.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hawashangai hata kidogo. Uhimilishaji wanaujua siku nyingi: dume yuko mbali, mbegu zinakuja kwenye mtungi, jike anashika mimba. Kwa binadamu ni hivyo hivyo, ila heshima zaidi. Mwanaume anachangia mbegu benki (ndiyo, benki, ila haina riba), anapimwa ukimwi na magonjwa mengine, mbegu zinagandishwa kwenye nitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Zinakaa miezi kadhaa, kisha mwenyewe anapimwa tena. Akiwa safi, daktari anaziingiza kwa mrija mwembamba hadi kwenye mji wa mimba siku yai linapopevuka. Dakika chache tu. Kushika si lazima. Wengine hurudia na kurudia, na kila safari ni pesa.

Sasa twende Bondeni, kwa Madiba. Kina dada wawili wapenzi, mahakama iliwaita J na B kuwafichia majina, walitaka mtoto wa wote wawili. Wakacheza akili: yai la mmoja, mbegu za mtu wasiyemjua, mimba akabeba mwenzake. Agosti 2001 wakazaliwa mapacha, wa kike na wa kiume.

Kasheshe ikaanza kwenye kuandikisha watoto. Sheria ya 1987 ilimjua mama aliyezaa na mume wake, basi. Mwenzake hakuwa mume, kwa hiyo akawa mtu baki, hata yule ambaye yai ni lake! Hebu fikiria mama aliyezaa afariki, halafu ndugu zake waje kubeba watoto. Huyu mwingine angeonyesha karatasi gani?

Wakaenda kortini. Machi 2003 Mahakama ya Katiba ikaamua sheria ile inabagua, na mwenzi wa kudumu wa jinsia moja naye ni mzazi. Wote wawili wakatambuliwa. Mimi naona ilikuwa haki tupu, maana mapacha hawakuomba kuzaliwa kwa mtindo ule, wanachotaka ni mtu wa kuwalipia ada.

Najua mtasema uzungu. Lakini waulizeni Wakurya wa Mara habari za nyumba ntobhu: mama anaoa mwanamke kwa ng'ombe, mwanaume anatafutwa wa kuzalisha, na watoto ni wa ukoo wa mama aliyetoa mahari. Hapo hakuna mapenzi ya kitandani baina yao, msininukuu vibaya. Ila yule mwanaume hadai mtoto, sawasawa na mchangiaji wa benki.

Tatizo ni mtoto akikua. Afrika Kusini jina la mchangiaji ni siri. Uingereza waliondoa siri hiyo Aprili 2005: aliyezaliwa kwa mbegu zilizochangwa tangu hapo, akifika miaka 18 anaweza kupewa jina. Wa kwanza walianza kufikisha umri huo 2023, na kuna wanaume wa makamo huko, wana wake na watoto wao, ambao siku yoyote wanaweza kupokea barua.